Vinu Viwili vya Clayton: Kimoja Kikawa Nyumba, Kingine Kikarudi Kusaga

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa Waswahili wanaoishi kusini mwa Uingereza. Imeandikwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Wazee wetu, akina mama, ndugu zangu, vijana na watoto: assalamu alaikum, na Bwana asifiwe. Ninamshukuru mwenyekiti kwa kunipa nafasi hii, na ninawashukuru ninyi nyote kwa kuacha mapumziko yenu ya Jumapili mkaja kusikiliza habari za majengo ya zamani.

Wengi wenu mnasafiri kwa treni kati ya London na Brighton. Je, mmewahi kuinua macho kabla treni haijaingia kwenye handaki la Clayton? Ukitazama juu ya kilima utaviona vinu viwili vya upepo vimesimama pamoja, kimoja cheusi na cha matofali, kingine cheupe na cha mbao. Watu wa hapa wanaviita Jack na Jill, kwa kufuata wimbo wa watoto unaowataja mvulana na msichana waliopanda kilima kwenda kuchota maji. Nilipita chini yake kwa miaka bila ya kuuliza chochote. Mimi ni fundi wa majengo, nimekula chumvi nyingi katika kazi ya kukarabati nyumba za watu, na ninaona haya kwamba nilichelewa kiasi hicho kupanda kilima kile.

Nataka kuwaeleza kwa nini kimoja kati ya vinu vile kikawa nyumba ya kulala watu, na kwa nini cha pili hakikuwa. Wengi husema kwamba kugeuza kinu kuwa nyumba ni kukiua. Mimi ninasema kwamba pale Clayton, nyumba ndiyo iliyookoa kinu, na tena ikaokoa kinu cha jirani yake pia. Lakini iliokoa kwa gharama, na gharama hiyo nayo nitaitaja.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe, maana kwetu sisi kinu ni vitu vingi. Kinu ni kile cha mti cha kutwangia, pamoja na mchi wake. Kinu ni kile cha mafuta cha Unguja, ambacho ngamia alikizunguka mchana kutwa ili kukamua ufuta. Ama kinu cha kusagia nafaka, siku hizi tunakiita mashine: mtu anasema amepeleka mahindi mashineni, na kila mtu ameelewa. Kinu cha upepo ni mashine hiyohiyo, isipokuwa badala ya dizeli au umeme kina mabawa manne, na ndani yake mna magurudumu ya meno yanayoushusha mzunguko wa mabawa mpaka kwenye mawe mawili mazito. Jiwe la chini limetulia, la juu linazunguka, na nafaka inaingia katikati kupitia tundu la jiwe la juu, inatoka pembeni ikiwa unga.

Sasa basi, watu wa pwani hawahitaji kufundishwa kwamba upepo una majira na una upande. Babu zetu walikwenda na kurudi kwa kaskazi na kusi. Nahodha anageuza tanga. Je, mwenye kinu anageuza nini? Hapo ndipo Jack na Jill wanapoachana, na naomba mlishike jambo hili vizuri, kwa sababu ndilo lililoamua nani atakuwa nyumba.

Jill ni kinu cha nguzo. Mwili wake wote, yaani kuta za mbao, sakafu, mawe, magurudumu na mabawa, umekaa juu ya nguzo moja kubwa iliyosimama wima, na mwili huo wote unazunguka juu ya nguzo hiyo ili kuufuata upepo. Jengo zima! Jack ni kinu cha mnara. Kuta zake ni za matofali, zimechimbiwa msingi na hazisogei hata kidogo. Kinachozunguka ni kofia peke yake pale juu, iliyobeba mabawa. Feni ndogo iliyofungwa nyuma ya kofia inaisukuma kila upepo unapobadilika, bila ya mtu kuigusa.

Jill ndicho mkubwa kwa umri, na tena hakikuzaliwa pale. Kilijengwa mwaka 1821 huko Brighton, kwenye barabara ya Dyke. Mji wa Brighton ulikuwa unapanuka haraka, na nyumba zinapokizunguka kinu, kinu kinanyimwa upepo. Basi ilipofika mwaka 1852 mwenye mali alifanya jambo ambalo leo lingetushangaza: alikihamisha kinu kizima. Kilivutwa kwa maksai na farasi kutoka Brighton mpaka juu ya kilima cha Clayton, maili kadhaa za kupanda na kushuka. Nanyi msidhani kwamba hilo lilikuwa la ajabu peke yake. Mji uleule wa Brighton ulikuwa tayari umeshuhudia kinu kingine kikihamishwa mwaka 1797, siku ya tarehe 28 Machi, kikivutwa na maksai 86. Maksai themanini na sita, ndugu zangu! Fikirini kamba, fikirini nira, fikirini sauti za wachungaji wakijaribu kuwafanya wanyama themanini na sita wavute kwa pumzi moja. Sisi ambao tumehamisha nyumba kwa masanduku mawili tunajua uzito wa kuhama. Watu wale walihama na nyumba yenyewe.

Pale kilimani Jill alimkuta mzee. Kulikuwa na kinu kingine cha nguzo kilichoitwa Duncton, kilichosimama hapo tangu mwaka 1765. Mwaka 1866 Jack kilijengwa kuchukua nafasi ya mzee huyo, lakini hawakumfuta kabisa: lile jengo la duara lililokuwa chini ya Duncton likizunguka miguu ya nguzo yake liliachwa, na mpaka leo lipo ubavuni mwa Jack. Ninapenda sana kuitaja habari hii kwa mafundi vijana wanaotaka kubomoa kila kitu kabla ya kuanza.

Tazameni tarehe hiyo tena: 1866. Reli ya London na Brighton ilikuwa imefunguliwa mwaka 1841 na imepita chini ya kilima kilekile. Kwa hiyo yule aliyejenga Jack aliujenga mnara wa upepo huku treni za mvuke zikinguruma ndani ya handaki chini ya miguu yake kwa miaka 25. Je, alikuwa mjinga? Hapana. Ngano ya Sussex, mkoa wenye kilima hicho, ilikuwa bado inalimwa bondeni, wakulima walikuwa bado wanapandisha magunia, na upepo ulikuwa bado hauna bei. Alichokuwa hakijui ni kile kilichokuwa kinakuja. Katika miaka ya 1880 kulienea viwanda vya kusaga kwa roli za chuma badala ya mawe, vikajengwa bandarini, mahali ambapo meli zilishusha ngano ya bei nafuu kutoka Amerika. Roli zile zilitenga pumba na kutoa unga mweupe kabisa, na watu wakautaka unga mweupe. Unga huo ukapakiwa kwenye treni ukafika kila mji. Vinu vya upepo vikaanza kunyamaza, kimoja baada ya kingine, nchi nzima. Jack na Jill vilisaga mpaka karibu na mwaka 1906, kisha navyo vikanyamaza.

Nini hutokea kwa jengo likinyamaza? Swali hili ninawauliza ninyi mliotoka pwani, kwa sababu mmeliona kwa macho yenu. Nyumba ya mawe ikihamwa, haianguki siku ya kwanza. Kwanza linatoka kigae kimoja. Maji yanaingia kwenye boriti, boriti inaoza kichwa, inashuka, inavuta dari, dari inavuta ukuta, na baada ya miaka michache watu wanasema "lile gofu". Mvua haikuwa kali kuliko zamani. Kilichokosekana ni mtu wa kukirudisha kigae siku kilipotoka. Kinu cha upepo ni hivyohivyo, tena zaidi, kwa kuwa kimejengwa makusudi mahali penye upepo mkali kuliko pengine pote. Na Jill, kilichobaki bila ya mtu ndani, kilipigwa na dhoruba miaka michache tu baada ya kusimama kazi, kikaanza kupoteza viungo vyake.

Lakini Jack kilipata mtu. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Miaka michache baada ya mabawa kusimama, mwanajiolojia mmoja aitwaye Edward Martin alikodi mnara wa Jack akahamia. Baada yake wakaja wengine. Kwa nini Jack na si Jill? Nadhani mmekwishajua jibu. Nyumba haitaki kuzunguka. Utapitisha vipi bomba la maji katika jengo ambalo mlango wake uko kusini leo na magharibi kesho? Utajenga wapi bomba la moshi? Mnara wa matofali umetulia, una msingi, una sakafu tano moja juu ya nyingine, na ukuta wake ni mnene. Sifa ileile iliyomfanya Jack awe kinu imara ndiyo iliyomfanya awe nyumba.

Hata hivyo, msidhani kwamba ni makao mepesi. Nimefanya kazi katika jengo moja la duara, si lile la Clayton, na ninawaambia kwa uzoefu wa mikono yangu. Kitanda kina pembe nne, na chumba hakina hata moja. Kabati ukilisogeza ukutani, linagusa kwa ncha zake mbili tu, na nyuma yake linabaki pengo lenye umbo la mwezi mwandamo, ambamo vitu huangukia na visionekane tena. Kisha ukuta wa mnara umelalia ndani: chini ni mpana, juu unapungua. Kwa hiyo fundi hawezi kupima rafu ya chumba cha chini akaitumia cha juu. Kila sakafu ina kipimo chake. Kila mbao inakatwa kwa upinde wake. Nilikuwa na karatasi ngumu niliyoikata kufuata mzingo wa ukuta, nikaiandika namba, na nilipopanda ghorofa moja tu ilikuwa haifai tena.

Na ngazi? Msagaji alipanda kwa ngazi nyembamba zilizosimama karibu wima, na magunia yalipandishwa kwa mnyororo kupitia milango midogo ya sakafuni. Gunia la ngano halichoki. Bibi mzee anachoka. Mtoto anaanguka. Kwa hiyo kila anayegeuza kinu kuwa nyumba lazima aamue mahali pa kukata sakafu ili kuweka ngazi ya binadamu, na kila anapokata, anaondoa kitu kilichowekwa na mjenzi wa kwanza. Unyevu nao ni adui mkubwa, kwani mvua ya kilimani haidondoki, inapigwa na upepo ikaingia kwenye matofali kwa ubavu. Ndiyo maana minara mingi ya Sussex ilipakwa lami nyeusi. Ule weusi wa Jack ni koti la mvua.

Aliyejulikana zaidi kati ya wakazi wa Jack ni Henry Longhurst, mwandishi wa habari za mchezo wa gofu, ambaye sauti yake ilisikika miaka mingi kwenye matangazo ya BBC na ambaye wakati wa vita vya pili alikuwa mbunge. Alivinunua vinu vyote viwili mwaka 1953, akaishi ndani ya Jack, na katika miaka ya 1960 akajenga nyumba ya kawaida pembeni, labda kwa sababu hizo nilizozitaja za ngazi na kabati. Alibaki kilimani mpaka alipofariki mwaka 1978. Miaka ishirini na mitano! Katika muda huo, dirisha lilipopasuka kulikuwa na mtu wa kuliona. Huo ndio ulinzi ninaouzungumzia. Hauna kamati wala muhuri. Ni mtu anayelala hapo, anayesikia usiku kwamba kitu kimelegea, na asubuhi anapanda na nyundo.

Sasa gharama. Mimi siifichi. Ndani ya Jack mawe hayasagi, na watu hawaendi tena na magunia. Jack ni nyumba ya watu binafsi, na anayefika kilimani anaitazama kwa nje kama anavyotazama nyumba yoyote yenye wenyewe. Mwaka 1973 Jack kiliwekewa mabawa mapya, na kilichosababisha ni wapiga picha za sinema waliotaka kukionesha kwenye filamu. Je, mabawa yasiyosaga ni mabawa? Rafiki yangu mmoja anasema ni pambo, kama saa ya ukutani isiyotembea. Mimi sikubaliani naye moja kwa moja, lakini sikuweza kumjibu mpaka nilipokwenda Uholanzi.

Huko Uholanzi kuna mahali paitwapo Kinderdijk, ambapo vinu 19 vimepangana kandokando ya mifereji, vingi vikiwa vimejengwa kati ya mwaka 1738 na 1740. Vinu vile havikusaga unga. Vilivuta maji kutoka mashamba yaliyo chini ya usawa wa bahari, na kwa kuwa maji hayangoji asubuhi, mwenye kinu alilazimika kuishi ndani ya kinu pamoja na mke na watoto. Yaani pale nyumba na kinu vilizaliwa siku moja. Niliingia katika kimoja kilichofanywa makumbusho. Kitanda kimo ndani ya kabati la ukutani, kifupi kiasi cha mtu kulala akiwa ameegemea mito, na pembeni kabisa mwa chumba cha familia unapita mhimili mkubwa wa kinu. Fikirini mama anayemnyonyesha mtoto huku mti mzito kama mlingoti wa jahazi ukizunguka hatua chache kutoka alipoketi. Na nje ya mlango, mabawa yanapita karibu sana na ardhi, kiasi kwamba mtoto anayejifunza kutembea lazima achungwe kila dakika.

Watu wale waliishi na kinu mpaka kinu kikawa ulimi wao. Mabawa yakisimamishwa bawa moja likiwa halijafika kileleni, ni ishara ya furaha: harusi, au mtoto amezaliwa. Yakisimamishwa bawa likiwa limepita kilele kidogo, ni msiba. Mwezi Julai mwaka 2014, ndege ya Malaysia iliyotoka Amsterdam ilipotunguliwa juu ya Ukraine na Waholanzi wengi wakapotea, siku ya maombolezo ya taifa vinu vya nchi ile viliyasimamisha mabawa yake katika mkao wa msiba. Havikuwa vikisaga siku ile. Havikuwa vikivuta maji. Lakini ni nani angethubutu kuwaambia Waholanzi kwamba yale yalikuwa mapambo? Jibu la rafiki yangu nililipata hapo.

Turudi Clayton, kwa sababu Jill bado anatungoja.

Mwaka uleule wa 1978 aliofariki Longhurst, kikundi cha watu wa kujitolea kilianza kukikarabati Jill ili kisage tena. Haikuwa kazi ya mwezi. Ilikuwa miaka. Mbao zilizooza ziliondolewa na mpya zikachongwa kwa kipimo cha zile za zamani, mabawa yakaundwa, magurudumu ya meno yakarekebishwa. Mwaka 1986, takriban miaka themanini baada ya kunyamaza, Jill alitoa unga.

Mwaka mmoja baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987, ilipiga dhoruba ambayo wazee wa hapa wanaisimulia mpaka leo, iliyoangusha mamilioni ya miti kusini mwa nchi hii. Mabawa ya Jill yalikuwa yamefungwa breki. Breki ya kinu ni mkanda mkubwa wa mbao unaokamata ukingo wa gurudumu la mbao. Upepo ulikuwa na nguvu kuliko breki: ukayazungusha mabawa huku breki ikiwa imekaza, mbao zikasuguana na mbao, na kama anavyojua kila aliyewahi kuona moto wa kupekecha, moto ukawaka. Moto ndani ya jengo la mbao kavu, juu ya kilima, katikati ya upepo kama ule! Wanakikundi waliwahi, na kinu kikaokolewa.

Naomba mnitafakarie hapo. Kingekuwa ni kinu kilichosahauliwa, nani angetoka kitandani usiku wa namna ile? Na kingesahauliwa, kama kilima kile kingekuwa hakina watu miaka sabini iliyotangulia? Ninavyoona mimi, Jack aliyekuwa nyumba ndiye aliyemtunzia Jill nafasi yake. Kwa kuwa Jack alikuwa na wakazi, mali ile iliendelea kuwa na wenyewe, njia ya kupanda kilimani iliendelea kupitwa, na mnara haukugeuka kifusi cha watu kuchukua matofali. Walipokuja wale wa kujitolea na vyombo vyao vya useremala, walimkuta Jill bado amesimama juu ya nguzo yake.

Nilipanda kilimani mwezi Juni uliopita, Jumapili ya mchana, siku ambazo Jill hufunguliwa kwa wageni. Kulikuwa na upepo wa kutosha, na mabawa yalikuwa yanakwenda. Nilipoweka kiganja ukutani nilihisi jengo lote likitetemeka polepole, kama ubao wa jahazi lililo mwendoni. Mzee mmoja aliyekuwa zamu alikinga mkono penye mdomo wa mbao ambapo unga unashuka, akausugua kati ya dole gumba na kidole cha shahada, kisha akanyanyua kidogo uzi unaorekebisha nafasi kati ya mawe. Akanikaribisha nami nisugue. Unga ulikuwa na uvuguvugu, kama mkono wa mtu. Nilimkumbuka marehemu bibi yangu Pemba, aliyekuwa akiupima unga wa muhogo kwa vidole vilevile viwili, na uso wake ukiwa umekunjamana vilevile.

Nilipotoka nje nilimwona Jack jirani, mweusi, kimya, na dirisha moja la juu likiwa wazi na pazia linapepea.

Nilinunua mifuko minne ya unga wa Jill. Mama zetu walioko jikoni wameukanda tangu alfajiri, na wameniambia kwamba una pumba zake zote, kwa hiyo unakunywa maji mengi zaidi na chapati zimetoka na rangi ya hudhurungi. Sahani ziko tayari kwenye meza ile ya nyuma. Wazee watangulie.